Mikono Usichore

SEHEMU YA KWANZA

Mhariri aliniita Jumanne saa tano asubuhi, akafunga mlango. Mlango ule hufungwa kwa mambo mawili tu: mtu anafukuzwa kazi, au tangazo la ukurasa mzima limepatikana. Alikuwa anatabasamu, nikajua ni tangazo.

"Chalii yangu," akasema, "mzee wa Usa amekubali."

Sikuuliza mzee yupi. Usa River ina wazee wengi, lakini kwa sisi watu wa magazeti ya Arusha mzee wa Usa ni mmoja: mwenye malori ya barabara ya Namanga, mwenye hoteli mbili, mwenye shamba la kahawa linaloanzia karibu na lami na kupotelea kwenye ukungu wa Mlima Meru. Amejenga madarasa, amechangia harusi za watu asiowajua, na katika miaka yote hiyo hakuna gazeti lililowahi kuchapa uso wake. Wapiga picha walirudi na mgongo, kofia na kioo cheusi cha gari. Matajiri wa mawe siku hizi hawana aibu hiyo. Juni 2020, Saniniu Laizer alipotoa Mererani mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9 na ushei na jingine la kilo 5, akalipwa shilingi bilioni 7.7, nchi nzima ilimwona ameyashika, amevaa shuka lake, anacheka.

"Kakubali kupigwa picha?"

"Kakubali kuchorwa. Na kakutaja wewe kwa jina."

Hapo ndipo nilipaswa kujiuliza. Mimi kazi yangu ni kukuza pua za madiwani. Nchi hii ina akina Gado, ina Ali Masoud ambaye kipanya chake kimesema mengi yaliyowashinda watu wazima, ilikuwa na marehemu Philip Ndunguru. Mimi kwenye foleni hiyo sipo, na hata ningekuwepo, mchora katuni hatafutwi na tajiri ili amchore. Hutafutwa akishamchora, na anayekuja kumtafuta ni wakili aliyeshika mkononi Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Lakini badala ya kuuliza, nilikuwa natazama sikio la mhariri. Ni ugonjwa wangu. Kwenye vikao virefu nimelichora sikio lile mara nyingi pembeni mwa daftari: la kushoto, limekunjika juu kama jani la mgomba lililopigwa na jua.

"Kichwa na mabega," akasema. "Na utani wako uuache hapa hapa mjini. Pua iwe pua."

Alhamisi nikapanda daladala la Usa. Ilikuwa Julai 2024, ule msimu ambao wageni hushangaa kwamba Afrika kuna baridi. Mlima haukuonekana. Toka Philips hadi Tengeru tulipita ndani ya wingu, abiria wamejikunyata, kondakta amevaa soksi mikononi. Makumira nikaona migomba, Usa nikaona lami inavyometa, na getini kwa mzee nikaona mlinzi mwenye koti la jeshi akinipungia mkono kana kwamba ananifahamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula, kijana?"

Ndiyo ilikuwa salamu yake. Nikaletewa mtori, nikaumaliza chini ya macho yake, ndipo akanikaribisha sebuleni. Alivaa kofia ya pama iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Ukutani hapakuwa na picha ya familia, wala ya rais, wala ile ya mwenye nyumba akipeana mkono na waziri, ambayo katika nyumba za aina hiyo haikosekani. Palikuwa na picha moja ya zamani ya mtu aliyevaa suti.

"Unamjua?"

"Kirilo Japhet."

Akaridhika. Mtoto wa Meru asiyemjua Kirilo amelelewa vibaya. Mwaka 1951 Waingereza waliwatoa Wameru Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi, wakachoma nyumba zao. Mwaka uliofuata Kirilo akasafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akayasema.

"Alirudi mikono mitupu," mzee akasema. "Ardhi hakuipata safari ile. Lakini alikwenda. Sisi wengine New York yetu ilikuwa mlima wa kuzunguka tu, saa chache kwa gari. Hatukwenda."

Sikuelewa. Niliandika tu kichwani, kama tunavyofanya.

Akaketi karibu na dirisha, akavua kofia. Mikono akaiingiza mifukoni mwa koti.

"Kichwa na mabega," akasema. "Mikono usichore."

Wachoraji wengi huanzia machoni. Mimi huanzia sikioni, na sababu yake ni rahisi. Mtu akijua anachorwa, macho yanajipanga, mdomo unajipanga, hata kidevu kinapanda. Sikio haliwezi kujipanga. Linakaa pale kama shahidi asiye na mpango wa kusema uongo kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. La mzee lilikuwa na ndewe iliyogandamana na shavu, na ukingo wa juu umemeguka kidogo, kama kikombe kilichogonga sinki. Nikaanza. Na hapo jambo likatokea ambalo hadi leo sijui kulieleza vizuri: mkono wangu ukanitangulia. Kabla sijatazama mkunjo wa ndani, mkono ulishauchora. Nikatazama. Ulikuwa sawasawa.

"Hiyo penseli ndani ina nini?" akauliza.

"Wanasema risasi."

"Wanasema. Hiyo ni kinywe. Tanzanaiti inalala ndani ya kinywe, na sisi tulilala nayo. Mwanaapolo akitoka shimoni Mererani ni meno tu ndiyo meupe. Mgongo wangu peke yake ungetosha kuchora gazeti lenu mwaka mzima." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Hakuna gazeti lililowahi kuandika kwamba mzee wa Usa alikuwa mwanaapolo. Walikuwa wanaandika "alianza na duka dogo."

Chai ikaja. Akasahau, akatoa mikono kupokea kikombe, nami nikaona. Viganja vyote viwili vilikuwa na mstari mpana, unaong'aa, uliokata kutoka chini ya kidole cha shahada hadi karibu na kiwiko cha mkono. Kovu la moto, lakini moto gani unaochora mstari ulionyooka hivyo?

Aliona nimeona. Hakuficha tena. Akanywa chai hadi nusu, akaweka kikombe, akakitazama kile nilichokuwa nimekichora: sikio moja katikati ya karatasi tupu.

"Baba yako naye," akasema, "alikuwa anaanzia sikioni."

Penseli ikakatika. Sikuwa nimemwambia baba yangu ni nani.

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: mchoraji amegundua kwamba mfanyabiashara asiyepigwa picha alimjua baba yake marehemu. Endelea...*

Hakusema zaidi. Nilimaliza mchoro kwa mkono uliokuwa unatetemeka, akautazama kwa muda mrefu, akasema neno moja: "Jumamosi."

Nikaenda moja kwa moja kwa mama, Ngarenaro.

Baba alikuwa fundi wa mabango. Kibanda chake kilikuwa jirani na soko la Kilombero. Ng'ombe wengi waliotabasamu juu ya milango ya bucha za Arusha, wakati huo kabla ya mabango ya kuchapwa kwa kompyuta, walikuwa wake. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka tisa. Mvua za El Niño zilikuwa hazijui kukoma. Mwezi wa Aprili maji yakajaza mashimo ya Mererani na wachimbaji wakafa kwa makumi. Simanjiro ilikuwa bado ndani ya mkoa wetu, Manyara haijazaliwa, kwa hiyo msiba ulikuwa wa nyumbani. Wengine miili yao haikupatikana. Na wengi walikuwa vijana waliotoka kwao kimya kimya, hawajawahi kupiga picha hata ya kitambulisho.

Ndugu zao ndio waliokuja kibandani. Walitaka sura ya kuweka mezani siku ya matanga. Baba hakuchukua hela. Alikuwa anakusanya uso kama mtu anayeokota vipande vya chungu: "Pua yake?" "Kama ya huyu kaka yake." Kaka anasimamishwa kwenye mwanga. "Paji la uso?" "Kama la mtoto." Mtoto anaitwa. Akishapata uso, wenyewe wanalia, ndipo anajua amefika. Picha kubwa waliondoka nayo, na yeye alibaki na nakala ndogo kwenye daftari la mistari lililo ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama. Nyuso kumi na moja. Hakuandika majina. Aliandika namba, kijiji na tarehe.

Mimi nilijifunzia kuchora humo. Nilifuatisha nyuso za marehemu kwa penseli mpaka baba akanikamata akanichapa, halafu akaninunulia daftari langu.

Nikafungua ukurasa wa saba.

Alikuwa yeye. Miaka 26 ilikuwa imemwongezea shavu na kumpunguzia nywele, lakini alikuwa yeye, na sikio ni lile lile, ukingo umemeguka. Ndiyo maana mkono wangu ulinitangulia: nilishalichora nikiwa na miaka tisa.

Nikakaa sakafuni. Mzee wa Usa alikufa Mererani mwaka 1998. Watu walimlilia. Na leo nimekula mtori wake.

Kisha nikaona la pili, na hili lilinisumbua zaidi. Nikarudi ukurasa wa kwanza, nikapitia zote. Nyuso kumi hazikuwa na masikio. Yalikuwepo, maana lazima yawepo, ila baba aliyafunika kwa kivuli au kwa kofia, kwa sababu hakuna mke duniani anayeweza kukueleza sikio la mumewe lilivyo. Muulize uone. Atakueleza mwendo, sauti, jino lililovunjika, sikio halijui. Sura iliyochorwa kwa kusimuliwa haina sikio. Na huyu wa saba sikio lake lilikuwa kamili hadi kipele.

Maana yake baba hakusimuliwa. Alikuwa amemtazama.

Chini ya uso hapakuwa na kijiji. Palikuwa na namba 7 na tarehe, siku kadhaa baada ya mafuriko.

"Mama, huyu ni nani?"

Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakugeuka. "Hilo daftari lifunge."

"Mama."

"Aliichora usiku, kwa taa ya chemli. Alichora mbili usiku ule." Akamwaga pumba. "Lifunge, baba. Nimesema."

Usiku ule sikulala, nikajisimulia hadithi nzima. Mwanaapolo wa siku zile hakuwa na mshahara. Mwenye kitalu anakulisha, anatoa kamba na baruti, na jiwe likitoka mnagawana. Lisipotoka, umekula ugali wako, mnadaiana shukrani. Sasa fikiria watu watano wako chini, jiwe limepatikana, maji yanakuja. Wanne wanazama. Wa tano anatoka na jiwe. Akijulikana yu hai, ataulizwa na mwenye kitalu, ataulizwa na wajane. Akihesabiwa kati ya wafu, nani atamuuliza? Kinachohitajika ni sura ya kuweka mezani siku ya matanga. Kwa hiyo alikuja mwenyewe, akaketi mbele ya baba, akachorwa kifo chake.

Hadithi ilikaa vizuri sana. Ingekaa vibaya kidogo ningeishuku.

Ijumaa asubuhi nikampigia mhariri. "Toa ule mchoro."

"Umeshaenda mitamboni."

"Simamisha. Nitakueleza."

Kimya. Sauti iliyorudi haikuwa ya mtu aliyepata tangazo. "Siwezi. Mzee kaongea na mwenye gazeti moja kwa moja. Kaongeza maneno chini ya picha, kalipia."

"Maneno gani?"

Nikamsikia akimeza mate.

"Anayenitambua, aje."

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: picha imetoka, na chini yake mwaliko. Mchoraji anaamini mzee wa Usa ni maiti aliyejificha miaka 26. Endelea...*

Wa kwanza kuja alikuwa mwendawazimu wetu wa kila Jumamosi, anayemtambua kila mtu. Wa pili alikuwa anamtambua mzee kama baba yake mzazi na alitaka urithi. Saa nne akaingia mama mmoja wa miaka sitini hivi, kitenge kimefungwa juu ya sweta, amebeba mfuko wa shangazi kaja ulioshuka kwa uzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimetoka Ngarenanyuki saa kumi na moja. Nani amechora hii?"

"Mimi."

Akanitazama kama anatafuta kitu usoni pangu. Kisha akatoa fremu iliyofungwa kwa khanga, akaiweka mezani kando ya gazeti. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Sura ile. Sikio lile. Mkono wa baba.

Kumbe ndiye mjane. Nikavuta kiti, nikaanza kutafuta maneno. Utamwambiaje mwanamke kwamba mumewe hakufa, alimwacha tu?

"Pole, mama. Nadhani mumeo..."

"Mume wangu?" Akacheka, cheko la kukohoa. "Mume wangu alikuwa na uso wa duara kama chungu. Huyu siye mume wangu. Huyu ndiye aliyekuja kuniletea habari."

Nikakaa mimi kwenye kile kiti.

Alieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyeshamweleza ukuta mara nyingi. Walikuwa wawili waliokuja Ngarenanyuki baada ya mafuriko, wakasema mumeo hatunaye, maji yamemchukua. Aliyezungumza ni huyu. Mwingine alibaki nje, kwenye pikipiki. Wakaahidi kwamba watampelekea fundi wa Arusha maelezo ili achore sura ya marehemu. Baada ya wiki moja fundi mwenyewe akapanda mlima na karatasi. "Nikamwambia, fundi, umekosea mtu. Akaniambia, mama, sikukosea. Mtu huyu amekaa mbele yangu saa mbili akinisimulia mumeo na hakuweza kuninyanyulia macho hata mara moja. Mumeo mkono ulikataa kumchora, kwa sababu kila alichosema kuhusu uso wake kilikuwa kinabadilika. Basi nikamchora msimuliaji. Itunze. Polisi hawatakuamini wala mimi hawataniamini, lakini wewe siku utakapomwona utamjua."

Kwa siku mbili nilikuwa nimemuua mtu na kumfufua kwa kutumia sikio. Baba alikuwa ameshuhudia, mimi nikasoma ushahidi wake kichwa chini miguu juu.

"Igeuze," akasema yule mama.

Nyuma ya fremu, kwenye kadibodi, mwandiko wa baba, ule wa herufi kubwa za mabango:

ALITOKA WA MWISHO. MUULIZENI KAMBA.

Nikaviona vile viganja. Wanaapolo hushuka na kupanda kwa kamba. Lakini kamba uliyoikata haikuachii alama mikononi. Inayokuunguza viganja viwili kwa mstari mmoja ni ile uliyoing'ang'ania, inakukimbia, nawe hutaki kuiachia. Au ile unayoiachia polepole. Penseli haiwezi kutofautisha hayo mawili.

Gari likasimama nje. Sikuhitaji kuchungulia. Mzee aliingia bila kofia, na bila kufunguliwa mlango na mtu yeyote. Mhariri alitoka chumbani kwake mbio mbio, "karibu mzee, karibu sana", kisha akamwona mama aliyeketi, sauti ikamwishia kooni.

Mzee hakumsalimu mtu. Alikwenda hadi mbele ya yule mama, akatoa mikono mifukoni, akaikunjua, viganja juu, kama mtoto anayesubiri kuchapwa.

"Nimechelewa miaka 26," akasema. "Kamba ninayo. Ipo kwenye gari. Ukiitazama utaona imekatwa kwa kisu. Mimi nilikuwa nimeishika. Kisu hakikuwa changu."

Mama wa Ngarenanyuki hakuijibu mikono ile. "Cha nani?"

"Sikuthubutu kusema. Nilipewa mgao wa jiwe ili nisiseme, na nikaupokea. Lakini fundi alituchora wote wawili usiku ule. Mwenzangu alidhani amesimama gizani."

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Alishuka mama yangu, amevaa khanga zake za kanisani, ameshika karatasi iliyoviringwa na kufungwa kwa uzi mweusi. Alipita mbele yangu bila neno, akaiweka juu ya gazeti, akafungua uzi kwa meno.

Karatasi ilikataa kukaa sawa. Ikajikunjua kidogo kidogo kutoka pembeni, na baba, kama kawaida yake, alikuwa ameanzia sikioni. Sikio la kushoto. Limekunjika juu, kama jani la mgomba lililopigwa na jua.

Nyuma yangu, mhariri akafunga mlango.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*